Kuufungua Mti Miguu

Laurette Kavira hakuwa mtu wa kushangaa mti. Kwao Mutwanga, Kongo, chini ya milima ya Ruwenzori, alizaliwa kwenye kahawa, akakua kwenye kahawa, na posa yake ilipokelewa uani huku kahawa imeanikwa mikekani. Mti kwake ulikuwa kitu cha kuzaa, ukichoka unakuwa kuni, basi. Lakini mwaka ule wa tisini na nane, ndani ya nyumba ya vioo nyuma ya chuo pale Glenwood, Durban, alisimama na ndoo yake ya maji mbele ya miche thelathini ya mizeituni, mdomo wazi, kama mtu aliyeona maiti inapiga chafya.

"Yesu wangu," akasema. "Hivi ninyi humo ndani mnafanya nini?"

Maana miche ile ilikuwa imepewa kifo kimoja. Siku moja ya mwezi wa tatu, mkono mmoja, beseni moja. Ladislaus, Mtanzania wa Karagwe aliyekuwa akisomea udaktari wa magonjwa ya mimea, aliing'oa yote, akaiosha mizizi, akaitumbukiza kwenye maji yenye kuvu ya mnyauko, akairudisha vyunguni. Kumi ilikuwa ya aina iitwayo Manzanilla, kumi Mission, kumi Frantoio. Sasa ulikuwa mwezi wa sita. Manzanilla zilikuwa zinakauka kuanzia nchani, majani yamejikunja kwa urefu, mengine yamekufa na bado yameng'ang'ania tawi. Mission zilikuwa nusu kwa nusu, huyu mgonjwa, huyu mzima. Na zile Frantoio kumi, zilizoogeshwa sumu ileile kwenye beseni lilelile, zilikuwa kijani kibichi, zinachipua, kana kwamba siku ya tukio hazikuwepo.

Ladislaus alimkuta hapohapo, ndoo bado haijatua.

"Dada Laurette, unaisalimia?"

"Docteur, hizi za mwisho ulizipaka nini? Usinidanganye."

"Sikuzipaka kitu. Na usiniite daktari, bado sijawa."

"Mtu wa Bukoba akikataa sifa, ujue mwisho wa dunia iko karibu."

Ladislaus akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kisha akaweka kidole kwenye jani la Frantoio, taratibu, na sauti ikamshuka. "Hiki ndicho kilichonitoa kwetu, dada. Ugonjwa ni uleule, mmoja anakufa, jirani yake anaishi. Kuna kitu ndani ya huyu. Mimi nataka kukiona."

Mzeituni wenyewe haupendi Durban, joto la majimaji la mji huu linauchosha. Lakini ndiyo sababu ulipelekwa huko: hakukuwa na shamba la mizeituni la karibu, kwa hiyo kuvu ikitoroka haina cha kula. Kwenye ukuta wa pili wa nyumba ile kulikuwa na meza nyingine, nayo ina miche thelathini ya aina zilezile tatu, isiyoguswa na ugonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mizima ya kulinganishia. Ladislaus aliilinda kuliko pasipoti yake.

Kazi za Laurette zilikuwa mbili, maji na ufagio. Siku anaajiriwa aliambiwa asiguse kingine. Hakuambiwa kwa nini, na hakuuliza, maana mkimbizi aliyepata kazi yenye paa haulizi sana. Aliona tu kwamba Ladislaus kila akimaliza mche mmoja anachovya mkasi na uma wake wa kutifulia udongo kwenye ndoo ya jiki kabla ya kugusa mwingine, na mikono vilevile, mpaka ngozi inapauka. Jioni alimsimulia mumewe Athanase, aliyekuwa akilinda magari kule Point. "Anaosha uma ili auchafue tena kwenye udongo! Wasomi wana kazi, jamani."

Juma hilohilo ikafika barua ya kaka yake Blaise kutoka Kasese, Uganda. Mke wa Blaise amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Kisha mistari ya mwisho: *Mama anakula, analala, lakini mtoto hamshiki. Amekataa katakata. Anasema mikono yake si ya kushika kitu kinachokua. Mtoto akilia karibu yake, anatoka nje. Dada, mwandikie hata neno moja. Miaka minne sasa.*

Laurette akaikunja barua mara nne, akaitia chini ya godoro.

"Afadhali asimshike," akasema. Athanase alimtazama, akaona mkewe hatanii.

Msimlaani bado. Sikilizeni kwanza.

Mwaka wa tisini na nne kahawa ya Mutwanga ilianza kufa. Majani yananing'inia yakiwa bado mabichi, matunda yanakuwa mekundu kabla ya wakati wake, na baada ya wiki chache mti umekauka wima. Mama yake Laurette, Masika Joséphine, alikuwa mwanamke wa jembe kwelikweli. Kwao wanawake walikuwa na desturi: mti ukiugua unaufungua miguu, yaani unautifulia udongo shinani, polepole, karibu kabisa na mizizi, upate pumzi. Hakuna aliyejua kuifanya kazi hiyo kama Masika. Akishaifungua miguu miti yake, hakurudi nyumbani. Alitia jembe begani akaenda kwa jirani bila kuitwa, maana kwao mgonjwa hangojwi mpaka aite. Akimaliza kwa huyu, anakwenda kwa yule. Na kila alikopita, mwezi wa pili au wa tatu, kahawa ilikufa. Nyumba hadi nyumba, kwa mpango uleule wa ziara zake. Watu si vipofu, wakaanza kuhesabu.

Kikao kikaitishwa, wazee wa ukoo na katekista. Wakasema ugonjwa unatembea na miguu ya Masika. Kisha wakamgeukia Laurette, binti aliyekuwa akifuatana naye siku zote, akimbebea maji. "Wewe mtoto wake, umeona nini?"

Laurette alikuwa analia. Akasema, "Kila anapoingia, kahawa inakufa."

Hawakuhitaji shahidi mwingine. Walimpa mama mpaka asubuhi, na Blaise ndiye aliyemvusha mpaka wa Uganda. Laurette hakumsindikiza. Hakuwa amesema uongo, na neno hilo ndilo alilolalia miaka yote minne, Mutwanga, njiani, na Durban: nilisema nilichokiona. Mama yangu ni mchawi, nami niliona kwa macho yangu.

Basi, mwisho wa mwezi wa sita Ladislaus akasafiri kwenda Cape kuwaona wakulima wenye mizeituni, wiki mbili nzima. Laurette akabaki peke yake na miche. Asubuhi moja ya Jumatatu, jua la kipupwe linaingia vioo vyote, alimwagia Manzanilla ya tatu kutoka mlangoni, na maji yakakaa juu ya udongo bila kuzama. Udongo ulikuwa umeshika kama sakafu. Mche wenyewe umeinamisha kichwa. Moyo ukamwuma. Akatazama huku, akatazama kule, akachukua uma mdogo uliokuwa mezani.

Mkono haukukiuliza kichwa. Ulijua wenyewe. Aliufungua mche ule miguu, taratibu, karibu kabisa na mizizi, kisha wa jirani yake, kisha wa jirani yake, mpaka meza ya wagonjwa ikaisha yote thelathini. Halafu akavuka kwenda meza ya pili. Kwani vibaya nini? Huwezi kumhudumia mgonjwa ukamnyima mzima. Akaanzia Manzanilla ya mlangoni, akaja nazo moja moja, akaingia Mission, akamalizia kwa Frantoio, huku anaimba wimbo wa Kinande wa palizi ambao hakuwa ameuimba tangu atoke kwao. Akaurudisha uma mahali pake. Akafagia. Siku ile alikwenda nyumbani Umbilo kwa miguu, hakutaka taxi, mwili mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu aingie mji huu akajiona mtu wa shamba tena.

Na hakumkumbuka mama yake hata kidogo. Hapo ndipo ninapomshangaa mwanadamu.

Katikati ya mwezi wa tisa, Manzanilla ya kwanza kwenye meza ya wazima ikakunja majani. Wiki ile ile ikafuata ya pili. Kisha ya tatu. Ladislaus akaacha kula mchana. Alipasua tawi la moja akalikuta lina mistari ya kahawia ndani ya mti, na hapo akakaa chini sakafuni, suruali safi na yote.

"Eish," akasema. "Eish, dada. Nimekwisha."

"Zimeugua kweli?"

"Zimeugua. Hizi nilizoweka ziwe nzima! Bila hizi sina cha kulinganisha na chochote. Miaka mitatu, dada Laurette. Profesa wangu anasema ni mbolea, ile ya mifuko, ilikuja na ugonjwa ndani yake. Ijumaa tunachoma kila kitu na wale wa mbolea wanaandikiwa barua." Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akawa anaonyesha kwa kidole. "Lakini mimi mbolea inanikataa kichwani. Angalia. Imeanzia mlangoni. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne hii inaanza. Zote zina mbolea ileile, kwa nini zisiugue pamoja? Huu ugonjwa unakwenda kama mtu anayetembea."

Laurette akashika ukingo wa meza. Neno lile alishalisikia, kwenye uwanja wa nyumba ya baba yake, kutoka kwenye midomo ya wazee.

"Docteur," akasema. "Hii ugonjwa inatembeaka na nini?"

"Na udongo. Mbegu za kuvu hukaa udongoni, ndogo mno, huzioni, na zinakaa miaka. Udongo ulioingia chini ya kucha yako unatosha kuua. Kwenye kiatu, kwenye uma, kwenye jembe. Halafu ikikuta mzizi umekwaruzwa, hodi haipigi."

"Kwenye jembe."

"Jembe ndilo gari lake."

"Na ile ya kahawa? Kwetu kahawa ilikufa yote. Majani ilining'inia vile vile."

"Mnyauko wa kahawa? Hiyo ni kuvu nyingine, lakini tabia ni za ndugu. Majembe na mapanga, dada, ndiyo yaliyoimaliza kahawa ya watu. Wanasaidiana kazi, kumbe wanagawiana ugonjwa." Alisema hayo kama mtu anayesoma darasani, akili yake iko kwenye meza.

Laurette akatazama kucha zake.

Angeweza kunyamaza. Sitaki mjidanganye kwamba hakuliwaza hilo. Mbolea ilikuwa imeshahukumiwa, na watu wa mbolea hawakuwepo kujitetea. Ijumaa moto ungewashwa, mambo yangekwisha, kazi ingebaki, na Athanase asingerudi kumkuta mkewe ana kichwa mikononi. Lakini alikuwa ameshawahi kukaa kwenye kikao kilichomalizika vizuri hivyo, watu wote wameridhika, na mmoja anafunga mzigo wake.

"Ni mimi," akasema. "Si mbolea. Ni mimi nilitifua."

Akamweleza yote, kuanzia Manzanilla ya tatu ya wagonjwa mpaka Frantoio ya mwisho ya wazima. Ladislaus hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikwambia maji na ufagio."

"Uliniambia."

"Nilikwambia!"

"Uliniambia, Docteur. Hukuniambia juu ya nini."

Akatoka nje, akaubamiza mlango hata vioo vikalia. Laurette alimwona akienda na kurudi penye bomba, mikono kiunoni, akisema peke yake Kihaya. Akajua kazi imekwenda. Akaanza kufua tambara lake la kufutia, amwachie mtu mwingine likiwa safi. Lakini mlango ukafunguliwa tena, na Ladislaus akasimama hapo na uso ambao Laurette hakuuelewa.

"Ulimaliza na zipi, umesema?"

"Na Frantoio."

"Zote kumi? Uma uleule? Hukuosha?"

"Zote kumi. Nilizifungua miguu vizuri kabisa, hizo ndizo nilizofanya vizuri kuliko zote, mkono ulikuwa umeshazoea."

Wote wawili wakageuza shingo. Mwisho wa meza Frantoio kumi zilikuwa zimesimama, majani yamenyooka, chini yana rangi ya fedha, juu ya kijani. Hata moja haikuwa imekunja.

Ladislaus akakata vijitawi viwili, mkasi ukipita kwenye jiki kati ya kimoja na kingine, na safari hii Laurette aliutazama mkasi ule kwa heshima. Wakaingia chumba cha pili kwenye hadubini. Akachanja kipande chembamba cha Manzanilla, akakiweka kiooni, akamwita aje aangalie. Laurette akainama, akafumba jicho moja. Akaona duru na duru na duru, zimepangwa kwa ufundi ambao hajauona kwenye kikapu chochote cha kwao. Hiyo ndiyo mifereji ambayo mti hunywea maji, akaambiwa. Lakini mingi ilikuwa imesongwa, ina nyuzi nyembamba ndani yake, na pembeni kumekuwa na rangi ya chai.

"Hizo nyuzi ndiye mwenyewe?"

"Ndiye mwenyewe."

Akabadilisha kioo. "Sasa Frantoio."

Laurette alitegemea kuona usafi mtupu. "Hii iko safi," akasema kabla hajaangalia. Akainama. Kulikuwa na duru nyingi nzuri zilizo wazi, lakini katikati yake palikuwa na chache zilizozibwa, zimejazwa kitu cha rangi ya asali, kimeganda.

"Docteur, hii nayo ni mgonjwa!"

"Ndiyo. Kuvu iko humo. Uma wako uliiingiza, na mti haukuweza kuizuia mlangoni. Ulichofanya ni kuifungia. Mfereji ule ulioingiliwa umeuziba juu na chini kwa utomvu wake wenyewe, ukaiacha humo gizani ife njaa. Halafu ona pembeni, hizi ndogo mpya. Ukajitengenezea mifereji mingine, ukaendelea kunywa maji."

Laurette hakuinua kichwa. Alikuwa amepita mbele ya mche ule kila asubuhi, miezi na miezi, anaumwagia maji na kusikiliza redio ya mlinzi, na humo ndani, kimya kimya, bila jani moja kutikisika, palikuwa panajengwa ukuta.

"Nani aliufundisha?"

"Hakuna."

"Na ule mwingine, ule Manzanilla, kwa nini haukujua kujifungia?"

"Ulijua," Ladislaus akasema polepole. "Ukitazama vizuri utaona nao umeziba. Miti yote hujaribu. Ule ulichelewa tu. Siku chache."

Hapo Laurette alitamani kuvua viatu, kama mtu aliyekanyaga mahali patakatifu. Alikaa kwenye jicho lile la hadubini mpaka machozi yakaanza kuharibu kila kitu, na machozi yalipokuja hayakutaka kukoma, na Ladislaus, ambaye dakika kumi nyuma alikuwa tayari kumfukuza, akamletea kiti. Ndipo akamsimulia habari za Masika Joséphine na jembe lake. Akamweleza na kikao. Neno lake mwenyewe alilosema kikaoni alilisema mwisho, na akalisema lote.

Mtoto wa Karagwe akavua miwani. "Kwetu pia walifukuzwa watu," akasema. Kisha: "Mama yako si mchawi, dada. Ni mkulima mzuri ambaye hakuwa na jiki."

Laurette akacheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi na vyote.

Profesa hakucheka. Alimhamishia kwenye jengo la ofisi, sakafu na madirisha, asionekane tena karibu na mmea wowote. Ladislaus alilazimika kuotesha mizima mingine na kuomba mwaka mmoja zaidi. Alimnunia Laurette wiki mbili, haki yake. Lakini zile Frantoio kumi za uma hakuzichoma. Aliziwekea meza yake zenyewe.

Jumapili, baada ya misa, Laurette alishuka mpaka Point, kwenye duka la simu la Peguy, kijana wa Bukavu aliyekuwa na vibanda vitatu vya mbao na saa ukutani. Kwenye barua yake Blaise alikuwa ameandika namba ya duka la jirani yao pale Kasese, na Laurette alikuwa ameshapiga mara moja kuacha salamu: mama aletwe kwenye simu, saa nane. Akaingia kibanda cha mwisho. Akakosea namba mara mbili. Miaka minne. Mtu unaanzaje?

Simu ikapokelewa. Kukawa na pumzi tu.

"Mama."

"Ni nani?"

"Ni Kavira." Walisema Kinande, lugha ambayo mama yake alimwimbia.

Sauti ikaja, ndogo kuliko alivyoikumbuka: "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Mama, nisikilize. Niliua miti." Hakuwa amepanga kuanza hivyo. "Kuna miti hapa ninapofanya kazi. Iliugua, nikaifungua miguu kama ulivyonifundisha. Halafu nikaenda kwenye mizima, nikaifungua nayo. Na yote ikaanza kufa, kwa mpango niliopita. Mmoja, wa pili, wa tatu."

Alisikia mama yake akivuta pumzi ndefu, ndefu mno.

"Basi na wewe unao," mama akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma, kama mtu anayemshika mgonjwa paji la uso. "Mwanangu, nisamehe. Ni mimi nimekuachia. Nilisali usikuingie."

Laurette akabandika paji la uso kwenye ubao wa kibanda. Hilo hakuwa amelitegemea. Miaka yote minne alikuwa akidhani mama yake anakana moyoni. Kumbe yule mwanamke alikuwa ameamini. Alikaa Kasese akijiona mchawi, kwa sababu mtoto aliyemzaa alisema hivyo mbele ya watu.

"Si uchawi, mama!" Sauti ikampanda mpaka Peguy akachungulia. "Ni udongo. Udongo wa kwenye jembe! Ugonjwa unakaa kwenye udongo, mdogo, hauonekani, unapanda jembe, ukifika kwa jirani unashuka. Nimeuona kwa kioo chao. Tulitoka kwenye mti mgonjwa tukaenda kwa mzima bila kuosha jembe. Basi. Hakuna kingine. Anayeosha jembe lake haui mti."

Mbali kwenye simu jogoo aliwika, na mtu akapita na baiskeli inayogonga.

"Kwa hiyo niliiua kweli," mama akasema.

"Uliiua, mama. Kama mimi nilivyoua hii. Tulikwenda kusaidia." Akameza mate. "Na mimi kwenye kikao nilisema nimeona. Sikuwa nimeona kitu. Nisamehe."

Mama hakulijibu hilo. Labda alikuwa hajafika huko bado, maana jambo zito haliliwi kwa tonge moja. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu gizani: "Na ule wa Bernadette?"

"Upi, mama?"

"Ule mti wa kahawa wa nyuma ya jiko la jirani Bernadette. Niliufungua miguu mara mbili, kwa jembe lilelile. Kahawa yake yote ilikufa, ule haukufa. Siku nafunga mzigo nilipita hapo. Ulikuwa unachanua."

Mutwanga pia! Nyuma ya jiko, kwenye majivu na maganda ya ndizi, ulikuwepo mmoja uliojifungia ndani na kuendelea kunywa maji, na hakuna aliyeuangalia, kwa sababu wote walikuwa wakimwangalia Masika.

"Mama, huo usisahau. Mwambie Blaise aandike mahali ulipo, ukifika wakati tutautafuta. Huo ni mti mkubwa kuliko unavyodhani."

"Ee," mama akasema. Kisha, polepole: "Kavira. Kwa hiyo ni jembe. Mikono yenyewe... mikono si kitu?"

"Mikono si kitu, mama."

"Nikiosha."

"Ukiosha, hata kahawa unaishika. Na mtu je! Mtu haugui kwa udongo wa kahawa. Mikono yako haina kitu. Haijawahi kuwa na kitu."

Akasikia mkono wa simu ukilazwa juu ya meza ya duka. Akasikia viatu vya mpira vikiburuzwa. Akasikia maji, yakimwagwa kwenye beseni, na sabuni, na maji tena, muda mrefu, mpaka Peguy akagonga ubao na kuonyesha saa. Laurette akamwashiria kwa mkono, ngoja, ngoja kwanza.

Kisha kwa mbali, sauti ya mama yake, ile ya zamani, ya mwenye shamba: "Blaise! Mlete huyo mtoto hapa."